Kutunga Kanuni za Mapigano kwa Mchezo wa Kuigiza wa Mezani

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mmoja wao, anayeitwa msimamizi, hueleza mahali walipo na kuwasemea watu wengine wote wanaokutana nao. Sehemu kubwa ya mchezo huu haina haja ya kanuni. Mchezaji akisema kwamba mhusika wake anapiga hodi, basi amepiga hodi, na hakuna anayehitaji dadu kulithibitisha hilo. Kanuni huhitajika pale ambapo pande mbili zinataka mambo yasiyoweza kutokea kwa pamoja, na ndiyo maana mapigano hula kurasa nyingi katika vitabu vya michezo hii.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujitungia kanuni zake mwenyewe. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na nitashikilia jambo moja ambalo watungaji wengi, nami nikiwemo, hulitambua wakiwa wamechelewa: kila kanuni hulipiwa kwa dakika za watu walioketi mezani, kwa hiyo kanuni isiyompa mchezaji uamuzi wa kufanya haistahili dakika hizo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1824 ofisa kijana wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, Georg Heinrich von Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, alitoa mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, wenye ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu, na majedwali ya kukokotoa hasara. Majedwali hayo yalikuwa ya haki lakini yalikula muda, na mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza yawekwe kando ili mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue matokeo kwa busara yake. Kanuni zako zitakaa mahali fulani kati ya watu hao wawili. Msimamizi wa meza yako, hata hivyo, huenda hajapigana na mtu tangu shule ya msingi, hivyo busara pekee haitamtosha, na dadu zitamsaidia pia asionekane ana upendeleo.

Kuhusu vifaa, dadu mbili za pande 6, zile zile za ludo, zinatosha. Dadu za pande 20, ambazo michezo mingi ya Marekani huzitegemea, ni adimu madukani kwetu, na kanuni inayodai kifaa kisichopatikana itabaki kwenye karatasi. Ongeza daftari, kalamu, na simu ya kupimia muda.

Hatua ya 1: Lisimulie pigano kabla ya kulitungia kanuni

Andika aya moja ya pigano ambalo ungependa kuliona mezani kwako, bila namba yoyote. Ya kwangu ni hii. Jahazi limekwama usiku kwenye fungu la mchanga, na mabaharia wanne wanasubiri maji yajae ili lielee tena. Wezi wanne wanakuja na mtumbwi. Baharia mmoja anamzuia mwizi kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, asipande omo, yaani sehemu ya mbele, mwingine anamsukuma mwizi wa pili majini, wa tatu anagundua kwamba kuna mtu anakata kamba ya nanga, na nahodha, akiwa tezini, yaani nyuma, anamtishia mkuu wa wezi ili aite watu wake warudi. Maji yanapojaa, jahazi linaelea na wezi wanaachwa nyuma.

Sasa pigia mstari vitenzi: kuzuia, kusukuma, kugundua, kukata, kutishia. Kupiga kwa panga hakumo hata mara moja, ingawa bila shaka panga litatumika. Vitenzi hivyo ndivyo kanuni zako zinapaswa kuvihudumia, kwa sababu wachezaji hutenda kile ambacho kanuni zimekipa uzito. Ukiandika kurasa tatu za kupiga na mstari mmoja wa kusukuma, usishangae ukiona kila mtu anapiga tu hadi upande mmoja uishe.

Fungua ukurasa mwingine na uandike jambo ambalo hutaki litokee. Mimi sikutaka pigano lizidi nusu saa. Sababu ni kwamba kanuni zangu za kwanza kabisa zilidai dadu zirushwe mara nne kwa kila pigo: kupiga, kukinga, kupata kiungo kilichopigwa, na kupima jeraha. Tulianza pigano la watu wanane baada ya chakula cha jioni, na tulipoachana kwenda kulala, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameanguka.

Hatua ya 2: Amua raundi moja ni muda gani

Raundi ni kipindi ambacho kila mhusika hupata zamu moja. Urefu wake hubadilisha maana ya kurusha dadu. Katika kanuni za mchezo maarufu wa kuigiza wa Marekani, Advanced Dungeons & Dragons za mwishoni mwa miaka ya 1970, raundi ilihesabiwa kuwa dakika 1, wakati toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2000 liliifanya sekunde 6. Dakika nzima ni muda mrefu kwa watu wanaopigana. Aliyewahi kutazama kirumbizi, watu wawili wenye fimbo wakiingia katikati ya duara, ameona jinsi mapigo mengi yanavyotolewa, yakakingwa, na machache tu yakafika. Raundi ikiwa ndefu, dadu moja huwakilisha purukushani yote hiyo, na mchezaji husimulia kwa mapana. Raundi ikiwa fupi, dadu moja ni pigo moja, na watu huanza kudai hesabu ya kila hatua ya mguu.

Kwa jahazi nimechagua raundi isiyo na sekunde, yaani muda unaotosha kila mtu kufanya jambo moja la maana. Napendekeza uchague hivyo pia, isipokuwa kama mchezo wako una bunduki za kuhesabia risasi au dawa zinazoisha nguvu baada ya muda fulani.

Hatua ya 3: Panga zamu

Njia iliyozoeleka ni kila mtu kurusha dadu mwanzoni, kisha msimamizi kuandika majina kutoka namba kubwa hadi ndogo. Kwa watu wanane hiyo ni mirusho minane na orodha ya kupanga kabla pigo la kwanza halijatolewa, tena wakati ule ule ambao msisimko ulikuwa juu kabisa. Mimi sioni uamuzi wowote ambao mchezaji ameufanya hapo, hivyo nimeikata.

Badala yake, jaribu utaratibu huu. Kila raundi msimamizi aanze kwa kutangaza kitisho, yaani jambo ambalo maadui watalikamilisha mwishoni mwa raundi iwapo hakuna atakayewazuia: wezi wawili wanakata kamba ya nanga, au mkuu wao anaelekea tezini kwa nahodha. Kisha wachezaji wachukue zamu kwa mpangilio wowote watakaokubaliana, na mwishoni kile ambacho hakikuzuiwa kitimie. Faida yake ni kwamba mchezaji anaamua akijua anachokiacha. Akienda kuiokoa nanga, nahodha yuko peke yake.

Tangaza kitisho kimoja au viwili tu kwa raundi. Vikizidi idadi ya wachezaji, wataona kwamba chochote watakachofanya hakitoshi, nao wataacha kufikiri.

Hatua ya 4: Chagua dadu na uzipigie hesabu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watungaji wengi hukisia badala ya kuhesabu. Dadu mbili za pande 6 zina matokeo 36. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia 6, wakati 2 na 12 zina njia moja moja. Jumla ya 7 au zaidi hupatikana mara 21 kati ya 36, ya 8 au zaidi mara 15, ya 9 au zaidi mara 10, na ya 10 au zaidi mara 6.

Tazama kinachotokea ukitunga kanuni ya kupata au kukosa tu, yenye shabaha ya 8, yaani jumla ya 8 au zaidi ndiyo kupata. Mchezaji asiye na nyongeza, yaani namba ya kuongeza kwenye jumla ya dadu, atapata mara 15 kati ya 36, yaani asilimia 42 hivi. Uwezekano wa kukosa mara tatu mfululizo ni takriban asilimia 20. Kwa maneno mengine, mchezaji mmoja kati ya watano atakaa pigano zima la raundi tatu bila kufanya chochote, akitazama wenzake. Huyo hatarudi wiki ijayo.

Dawa yake ni kuweka ngazi tatu za matokeo. Mchezo wa Apocalypse World wa Vincent Baker, uliotoka mwaka 2010, ulieneza mpango ambao 10 au zaidi ni kufaulu, 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama, na 6 au chini yake msimamizi ndiye anayesukuma mambo mbele. Kwa jahazi nimeutumia hivi:

10 au zaidi: mhusika anatimiza alichokusudia, wala hadhuriki.
7 hadi 9: anatimiza, lakini mchezaji achague moja: mhusika apate jeraha la 1 (apungukiwe uhai 1), silaha yake imponyoke, au asukumwe hadi mahali pa jirani.
6 au chini yake: hatimizi, na adui aliyekabiliana naye anampiga kwa madhara 2.

Kwa mhusika mwenye nyongeza ya 1, ngazi ya juu hutokea mara 10 kati ya 36, ya kati mara 16, na ya chini mara 10. Kwa hiyo anatimiza kusudi lake mara 26 kati ya 36, zaidi kidogo ya asilimia 72, lakini karibu nusu ya mirusho yote inamtaka achague hasara. Uchaguzi huo ndio unaoipa ngazi ya kati thamani. Mwenye kuchagua jeraha kila mara hupoteza wastani wa uhai 1 kamili kwa zamu, ukijumlisha na mapigo ya ngazi ya chini. Kumbuka namba hiyo, kwa sababu tutaihitaji tukifika kwenye uhai.

Angalia pia kwamba maadui hawarushi dadu kabisa. Pigo lao limo ndani ya mrusho wa mchezaji. Kwa watu wanne dhidi ya wanne, mirusho ya raundi imeshuka kutoka minane hadi minne kwa uamuzi huo mmoja, na hakuna mchezaji aliyewahi kuniambia kwamba anaikumbuka ile mingine.

Kuhusu nyongeza, ziwe ndogo. Kwa dadu ya pande 20 kila nyongeza ya 1 ina thamani ile ile ya asilimia 5, lakini kwa dadu mbili thamani hubadilika kulingana na mahali ulipo: kushuka kutoka shabaha ya 8 hadi 7 kunaongeza njia 6 kati ya 36, na kutoka 12 hadi 11 kunaongeza 2 tu. Mhusika mwenye nyongeza ya 3 hukosa mara 3 tu kati ya 36, na hapo dadu zimekuwa mapambo. Weka kikomo cha 2 kwa mhusika wa kawaida, na uache 3 kwa nafasi ya pekee ambayo wachezaji wameitafuta kwa bidii.

Hatua ya 5: Vipe vitenzi vingine thamani sawa na pigo

Rudi kwenye aya yako ya mwanzo. Kila kitenzi ulichokipigia mstari kinashindana na kitendo rahisi cha kupiga, na mchezaji makini atagundua upesi kipi kinalipa. Mfano mzuri ni kanuni ya kulenga, ambayo karibu kila mtungaji huiweka: mhusika anaacha zamu moja ili apate nyongeza ya 2 kwenye zamu inayofuata. Inapendeza kusikika. Sasa ihesabu. Mhusika mwenye nyongeza ya 1 anayepiga mara mbili hupata wastani wa mapigo 1.44. Anayelenga kisha kupiga mara moja kwa nyongeza ya 3 hupata 0.92. Kanuni inamwadhibu aliyeiamini. Anachovuna ni usalama, kwa kuwa hatari ya kufika ngazi ya chini imeshuka sana, lakini wenzake wamepigana raundi nzima bila yeye. Ama uifute, ama uifanye ibadilishe jambo jingine, kwa mfano pigo lililolengwa liongezewe madhara 2.

Kitendo cha kusukuma mtu majini nimekipa thamani hii: mwizi aliyesukumwa anapoteza raundi moja akipanda tena, na hawezi kushiriki kitisho chochote wakati huo. Kutishia kunamlazimisha msimamizi kupima moyo wa maadui mapema, jambo nitakaloeleza baadaye. Kuzuia kwa upondo kunafunga njia, hakuna adui atakayepita mahali hapo hadi mwisho wa raundi. Kila kimoja kimeandikwa kwa sentensi moja, na kila kimoja kinatumia mrusho ule ule wa ngazi tatu. Usitunge namna ya pili ya kurusha dadu kwa ajili ya kitendo kimoja unachokipenda, kwani hiyo ndiyo kanuni ambayo kila mtu atalazimika kuifungulia kitabu.

Hatua ya 6: Pima uhai na madhara kwa pamoja

Wazo la uhai unaopunguzwa kidogo kidogo halikutoka kwenye miili ya watu. Dave Arneson, aliyeendesha michezo yake Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 1970, alianza na kanuni za mapigano ambazo pigo moja lilitosha kumuua mtu. Wachezaji wake walikuwa wamewapenda wahusika wao na hawakufurahi kuwapoteza namna hiyo, naye alieleza kwamba alichukua wazo la kuhesabu madhara kutoka kwenye kanuni za michezo ya vita vya meli, ambamo chombo hakizami kwa kombora moja. Mwaka 1974 yeye na Gary Gygax walipochapisha Dungeons & Dragons, uhai wa namna hiyo ulikuwa ndani yake, na umebaki katika michezo mingi hadi leo. Ukijua asili yake hutasumbuka kueleza kwa nini mtu mwenye uhai 1 anapigana sawasawa na mwenye uhai 6. Hesabu hiyo inapima muda uliobaki kabla mtu hajatolewa mchezoni.

Madhara yasirushiwe dadu. Yaandike kama namba thabiti: ngumi 1, upondo au fimbo 2, panga 3. Kisha angalia jinsi namba hizo zinavyogawanyika katika uhai wa adui, maana hapa kuna mtego usioonekana kwa macho. Ukimpa mwizi uhai 4, upondo unahitaji mapigo mawili kumwangusha, na panga pia mawili. Panga limekuwa upondo wenye jina la kutisha. Ukimpa uhai 3, panga linahitaji pigo moja na upondo mawili, na ukimpa 6, panga linahitaji mawili na upondo matatu. Nimewapa wezi wa kawaida uhai 3 na mkuu wao 6.

Sasa kokotoa urefu wa pigano. Wezi watatu wa kawaida na mkuu wao, wakipigwa kwa pondo tupu, wanahitaji mapigo 9 yaliyofika. Kwa kuwa pigo hufika mara 26 kati ya 36, hiyo ni mirusho 12 au 13, na wachezaji wanne wataimaliza kwa raundi tatu hivi. Kwa mapanga tupu yanahitajika mapigo 5 tu, yaani mirusho 7, chini kidogo ya raundi mbili. Mezani kwangu zamu moja, pamoja na masimulizi, huchukua kama dakika moja na nusu, hivyo pigano la pondo litakaa dakika 18 au 20. Linganisha na mpango wa kawaida ambao kila mtu ana uhai 12, pigo hufika kwa asilimia 58, na madhara hurushwa kwa dadu moja. Ukigawanya tu utapata mirusho sita kwa kila adui, lakini hesabu kamili inakaribia saba, kwa sababu pigo la mwisho aghalabu huzidi uhai uliobaki na ziada hiyo hupotea. Kwa wanne dhidi ya wanne hizo ni raundi karibu saba, na maadui nao wakiwa wanarusha dadu zao.

Mabaharia nimewapa uhai 6. Kwa kuwa tumeona kwamba anayekubali jeraha kila mara hupoteza 1 kwa zamu, atamaliza raundi tatu akiwa na nusu ya uhai wake, akiwa na hofu ya kweli lakini bado amesimama. Ukitaka mchezo mkali zaidi, mpe 4. Mhusika akifika 0, usimuue moja kwa moja. Mwambie mchezaji achague kati ya kuanguka na kuzimia, au kubaki amesimama hadi mwisho wa raundi na kubeba kovu la kudumu atakaloandika kwenye karatasi yake.

Hatua ya 7: Mahali

Usichore miraba isipokuwa wachezaji wako wanaipenda. Gawa eneo katika sehemu tatu hadi tano zenye majina, na kila sehemu uipe jambo moja la kutumia. Jahazi lina omo, penye kamba ya nanga, katikati, penye mlingoti na shehena ya kujifichia, na tezi, penye usukani. Nje yake kuna maji. Kwenda sehemu ya jirani ni bure mara moja kwa zamu. Mwenye upondo anaweza kumfikia mtu wa sehemu ya jirani, na mwenye panga hawezi, na hivyo upondo umelipwa fidia ya madhara yake madogo.

Hatua ya 8: Weka mlango wa kutokea

Pigano linaloisha kwa kifo cha mtu wa mwisho huchosha, kwa kuwa raundi zake za mwisho huchezwa wakati kila mtu anajua nani ameshinda. Kanuni ya moyo huliondoa tatizo hili. Toleo la msingi la Dungeons & Dragons la mwaka 1981 lilikuwa na kanuni nzuri sana ambayo wengi wameisahau: kila kundi la maadui lina namba ya moyo, msimamizi hurusha dadu mbili anapoanguka wa kwanza wao na tena wanapopungua kufikia nusu, na jumla ikizidi namba hiyo wanakimbia au kusalimu amri. Wezi wangu wana moyo wa 7. Jumla huzidi 7 mara 15 kati ya 36, hivyo uwezekano wa kustahimili vipimo vyote viwili ni asilimia 34, na mara mbili kati ya tatu watakimbia kabla hawajaisha. Anayetumia kitendo cha kutishia na akafaulu anakilazimisha kipimo kimoja papo hapo.

Mlango wa pili ni wakati wenyewe. Chora visanduku vitano kwenye karatasi iliyo wazi mbele ya wote na ujaze kimoja kila mwisho wa raundi. Cha tano kikijaa, maji yamejaa na jahazi linaelea. Wachezaji wakikiona kinajaa, wataanza kuuliza kama inawezekana kustahimili tu bila kushinda, na hilo ndilo swali nililotaka waulize nilipoiandika ile aya. Visanduku hivyo hivyo vinafaa kwa mbio, kupanda ukuta, au kuzima moto: kila ngazi ya juu ijaze viwili, ya kati kimoja pamoja na gharama yake, ya chini isijaze kitu na hatari isogee.

Hatua ya 9: Andika kanuni kwa Kiswahili kisicho na utata

Lugha yetu ina mitego yake katika kazi hii, na mkubwa kuliko yote ni kiambishi cha nafsi. Tazama sentensi hii: “Akimpiga na akakosa, atapoteza uhai 2.” Nani atapoteza? Aliyepiga na aliyepigwa wote ni watu, wote wanachukua a-, na msomaji aliye katikati ya pigano hatasimama kukisia. Chagua maneno mawili, kwa mfano mshambuliaji na mlengwa, na uyarudie bila aibu hata kama mwalimu wako wa insha angekukataza kurudia. Vivyo hivyo tenganisha mchezaji na mhusika: mchezaji hurusha dadu na kuchagua, mhusika hupigwa na kuanguka.

Mtego wa pili ni “zaidi ya 7” na “7 au zaidi”. Tofauti yake ni njia 6 kati ya 36, kubwa kuliko nyongeza nyingi utakazotoa, na nimeona meza ikibishana robo saa kwa ajili yake. Andika “8 au zaidi” kila mahali, na usitumie “zaidi ya” hata mara moja. Ukitaja nusu, sema papo hapo kama nusu ya 5 ni 2 au 3. Majina ya vitendo yawe vitenzi vifupi vya kuamuru, Piga, Sukuma, Zuia, Tishia, kwani ndivyo watu watakavyoyatamka.

Hatua ya 10: Lijaribu pigano lile lile mara nyingi

Cheza peke yako kwanza, ukiwashika mabaharia wote wanne, mara tano mfululizo. Kila mara andika idadi ya raundi, uhai uliobaki, na vitendo vilivyotumika. Kama hesabu yako ilisema raundi tatu na unapata sita, hesabu ina kosa au kuna kanuni unayoisahau. Kama Sukuma haikutumika hata mara moja katika michezo mitano, ama iongezewe thamani ama ifutwe.

Kisha waite wenzako, uwashe kipima muda, na ukae kimya kadiri utakavyoweza. Kila mtu anapouliza “sasa nifanyeje?” weka alama kwenye daftari. Kila mtu anapofungua karatasi ya kanuni kutafuta jambo, weka alama ya pili. Mwisho mpe mtu mwingine karatasi zako, asimamie yeye mbele ya watu ambao hukuwafundisha, nawe usiwepo kabisa. Mwombe aweke alama hizo hizo. Mahali alama zilipolundikana ndipo pa kuandika upya. Sahihisha hapo, kisha wacheze tena jahazi lile lile na wezi wale wale kabla hujamtunga adui mwingine yeyote.